Namna ya Kuingia Chumba cha Mafumbo Pamoja na Marafiki

Mchezo wa kufungiwa chumbani na kutafuta njia ya kutoka kwa kufumbua mafumbo kabla muda haujaisha, ambao mara nyingi ni dakika 60, ulianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 2007 na Takao Kato wa kampuni ya SCRAP, na kufikia mwaka 2011 ulikuwa umeingia Budapest, Hungaria, kupitia kituo kiitwacho ParaPark. Leo unachezwa katika miji mingi mikubwa, Dubai ikiwa mmojawapo, na kundi linalokwenda mara ya kwanza hujiuliza zaidi kama lina akili za kutosha. Swali hilo si la msingi, kwa kuwa mafumbo yenyewe hayahitaji elimu maalumu. Kinachoangusha makundi mengi ni watu kutoambiana walichokiona.

Idadi ya watu wanne au watano inatosha. Utafiti wa Scott Nicholson wa mwaka 2015, uliokusanya majibu ya vituo 175 vya mchezo huu, ulionyesha wastani wa takribani watu hao kwa kundi, na kwamba kwa wastani makundi yaliyofaulu kutoka yalikuwa asilimia 41 hivi, kwa hiyo kushindwa si aibu. Mkiwa wanane, wawili watabaki wameegemea ukuta wakiwatazama wenzao. Mchagueni mwenye macho makali, mwenye subira ya kupanga vitu, na yule asiyeona haya kuuliza jambo ambalo wengine wanaliona dogo. Mjuaji asiyesikiliza mtu ni heri abaki nyumbani. Mnapoweka nafasi, ulizeni kama chumba ni chenu peke yenu, maana baadhi ya vituo huchanganya makundi yasiyojuana.

Kabla ya kulipa, ulizeni habari za usalama bila kuona haya. Mnamo Januari 2019, katika mji wa Koszalin nchini Poland, wasichana watano wa umri wa miaka 15 waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa walikufa moto ulipozuka katika kituo cha aina hii, wakiwa wamekosa njia ya kutokea. Kwa hiyo mtakeni mwendeshaji awaonyeshe mlango unavyofunguliwa kwa ndani wakati wa dharura, awaeleze kama umeme ukikatika mlango huachia wenyewe, na awahakikishie kuwa yuko mtu anayewatazama kwa kamera muda wote. Mkijibiwa kwa kubabaisha, ondokeni.

Mkishaingia, tumieni dakika chache za mwanzo kupekua tu: chini ya zulia, ndani ya mifuko ya makoti yaliyotundikwa, nyuma ya picha, katikati ya kurasa za vitabu. Anayepata kitu akitaje kwa sauti, kwa mfano, "Nina ufunguo mdogo wenye utepe mwekundu," kisha akiweke juu ya meza moja mliyokubaliana, kwa sababu mwenzake upande wa pili huenda ameshaona kasha lenye utepe wa rangi hiyohiyo. Ufunguo uliokwisha kutumika uachwe kwenye kufuli lake, ili msirudie kuujaribu kwingine. Msitumie nguvu wala msiguse soketi za umeme na dari, kwa kuwa kwa kawaida hivyo si sehemu ya mchezo.

Makufuli ya tarakimu yanastahili uangalifu wa pekee. Kufuli la tarakimu nne lina michanganyiko 10,000, hivyo kubahatisha ni kupoteza muda. Lakini mkishazijua tarakimu tatu na nafasi zake, iliyobaki hupatikana kwa majaribio yasiyozidi kumi, na mkizijua zote nne bila mpangilio wake, zikiwa tofauti, ipo mipangilio 24 tu. Tarakimu zikikataa ilhali mna hakika nazo, angalieni kwanza kama zimelala sawasawa kwenye mstari wa alama, kisha mpeni mtu mwingine ajaribu. Kosa hili huwapata hata wazoefu, na linaudhi kweli.

Dokezo nalo liombwe mapema. Katika kitendawili, aliyeshindwa huambiwa atoe mji ndipo ateguliwe, lakini humu vituo vingi havitozi mji wowote kwa madokezo ya mwanzo, na msimamizi anayewatazama kwa kamera huwa anasubiri muulize. Kubalianeni kuwa fumbo likiwashinda kwa dakika tano hivi, aliyelishika ampishe mwenzake, na yakipita mengine tano bila hatua, dokezo liombwe bila mjadala.

Muda ukiisha kabla hamjatoka, mwombeni msimamizi awapitishe kwenye mafumbo yaliyobaki kabla hajapanga chumba upya. Kuhusu picha, zipigeni nje ya chumba au mahali atakapowaelekeza, kwani tarakimu inayoonekana nyuma yenu inaweza kuliharibia mchezo kundi lijalo.