Mnataka chama cha kutetea jamii ndogo Kenya? Anzieni hapa

Kama nia yenu ni kusukuma maslahi ya watu kama Waaweer wa Lamu au Waogiek wa Mau, anzeni na jina na katiba ya chama manake hapo ndo mtakwama mapema, kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kujengwa juu ya kabila, dini, lugha ama eneo, na hata zamani Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili 1992. Kwa hivyo andikeni madai yenyewe: ardhi, vitambulisho, shule, alafu yeyote anayeyakubali aingie.

Mkipewa usajili wa muda na Msajili wa Vyama mna siku 180 tu za kuomba usajili kamili. Hapo ndo kuna jasho: wapigakura 1,000 kwa kila kaunti, kaunti zisizopungua 24, na ofisi huko pia. Kila anayejiunga aangalie kwanza eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama tayari ameandikishwa chama kingine, wengi wamejikuta kwa chama wasichokijua, na sheria hairuhusu mtu kuwa kwa vyama viwili, basi ajiuzulu kule kwa maandishi. Mimi ningetafuta watu kaunti zote hizo kwanza, ndo nipeleke makaratasi Nairobi.