Kigoma hadi Dar kwa ndege: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda

Nakata tiketi hapa Kigoma, na swali la kila siku ni hilihili: "Mpaka Dar tutatumia muda gani?" Hesabu yake inaenea nyuma ya risiti.

1. Tafuta herufi tatu za kila kiwanja. Kigoma ni TKQ, Dar es Salaam ni DAR, Tabora ni TBO. Ukiona KGL, umeshaingia Kigali.

2. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza kiwanja bila kuachia mpaka namba zitokee. Kigoma ni latitudo 4.89 kusini, longitudo 29.67 mashariki. Dar ni 6.88 na 39.20. Ukitoa, zinabaki 1.99 na 9.53. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo zidisha: 221 na 1,058. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Inakuja kama kilomita 1,081. Kompyuta, inayozingatia mviringo wa dunia, inapata karibu 1,077. Njia hii ya mkato inatufaa sisi tulio karibu na Ikweta. Ulaya itakudanganya, maana huko mistari ya longitudo imebanana.

3. Sasa muda, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukigawa kwa mwendo wa jeti, tuseme 830 kwa saa, unapata saa 1 na dakika 18. Ukipangiwa Bombardier Q400, ile ya panga boi, mwendo wake ikishatulia angani ni kama 667. 1,077 gawa kwa 667 ni 1.61. Usiisome saa moja na dakika 61! Hiyo .61 zidisha kwa 60: dakika 37. Mimi huongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kuzungukazunguka kiwanjani. Jumla ni saa 2 na dakika chache.

4. Kama inapitia Tabora, jumlisha vipande: Kigoma–Tabora kilomita 351 na Tabora–Dar 732, yaani 1,083. Tabora iko karibu kabisa na mstari wenyewe, kwa hiyo huongezi umbali wa maana. Kinachokula muda ni kule kutua, watu kushuka na wengine kupanda.

5. Soma saa ya tiketi taratibu. Mzee mmoja wa Ujiji, tiketi yake imeandikwa 10:00, alinipitia ofisini saa tisa alasiri, kanzu imenyooka, mkononi kifurushi cha samaki wakavu, migebuka. "Mwanangu, hii wataipima?" Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu saa nne asubuhi. Siku hizi kila tiketi ninayotoa naiandikia kwa kalamu, kwa herufi kubwa: SAA NNE ASUBUHI, FIKA SAA MBILI.