Nyumba ya kwanza: kabla hela haijatoka mfukoni

Wengi tunaanza kwa kuzungukia nyumba. Unaingia unakuta sebule kubwa, jua la asubuhi linapiga dirishani, moyo ushahamia, ushapanga na kochi litakaa upande gani, alafu ndo unakumbuka kwenda kuulizia mkopo. Hapo bei huwezi kushusha tena maana dalali ameshakusoma usoni. Mie nilifanya hivohivo, nikatoa hela ya kushikia nyumba, benki ikaja kunipa mkopo mdogo kuliko nilivyotegemea, mwenye nyumba akasema hela hairudi na kweli haikurudi, karatasi niliyosaini haikuwa na neno hata moja kuhusu mkopo kukwama. Tangu hapo kila hatua nina swali moja tu: hela hii ikitoka leo na mambo yakaharibika kesho, inarudi vipi?

Basi anza na mfuko wako. Kadiria rejesho la mwezi litakuwa ngapi, toa kodi ya nyumba unayolipa saivi, ile tofauti iweke akiba pembeni kwa miezi minne mitano bila kuigusa. Ukiona mwezi wa pili tu ushaanza kuichomoa, jibu umelipata na halijakugharimu kitu.

Benki nako kuna maswali ambayo watu wanaona aibu kuuliza. Swali la kwanza kabisa, riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye deni lililobaki? Tuseme umekopa milioni 100 ya hela yoyote ile, riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka 20. Ikipigwa kwenye deni lililobaki utarudisha jumla kama milioni 264. Ikipigwa kwenye mkopo wote kila mwaka mpaka mwisho, milioni 340. Asilimia ni ileile 12, na kwenye tangazo zinaonekana mapacha! Pia ujue miaka ya mwanzo unalipa riba zaidi ya deni, kwenye mfano huohuo rejesho ni kama milioni 1.1 kwa mwezi, na ule mwezi wa kwanza milioni nzima ni riba, deni linapungua laki moja na kidogo tu. Sasa angalia hii, ukichukua miaka 15 badala ya 20 rejesho linapanda hadi milioni 1.2, yaani laki moja tu zaidi, lakini jumla inashuka mpaka 216. Kwa hiyo usikimbilie miaka mingi kwa sababu rejesho linaonekana jepesi. Uliza na riba inaweza kupanda katikati au imefungwa, na ukipata hela ukataka kumaliza deni mapema kuna faini au hakuna.

Barua ya awali ya benki kwamba wako tayari kukukopesha ni nzuri kuwa nayo unapoanza kutafuta ila usiichukulie kama mkopo wenyewe. Benki watamtuma mthamini akaitazame ile nyumba, na kwa kawaida wanakopesha kwa thamani anayosema yeye kama iko chini ya bei mliyokubaliana. Bei milioni 100, benki inatoa asilimia 80, wewe umejiandaa na 20. Mthamini anasema nyumba ni ya 90, benki inatoa 72, na wewe sasa unatakiwa uwe na 28, hiyo 8 unaitoa wapi? Ndo maana mie nasema usikombe akiba yote kwenye malipo ya awali, na bado kuna wakili, ada za kuhamisha umiliki na usajili, bima, kuhamisha vitu, na ile bomba inayopasuka wiki ya pili.

Kwenye hati sasa, hapa usiwe na haraka kabisa. Nakala anayokuonyesha muuzaji ni karatasi tu, ukweli uko kwenye daftari la msajili wa ardhi, na anayekwenda kuangalia awe wakili wako wewe, sio wa muuzaji wala yule dalali anayesema "tutumie mmoja tupunguze gharama". Aangalie jina la mwenye nyumba linalingana na kitambulisho, kama imewekwa rehani, kama kuna zuio la mahakama, kama umiliki ni wa muda basi imebaki miaka mingapi. Muuzaji ana mwenza? Ni mali ya urithi? Basi wote wanaohusika wasaini, sio mkubwa wa familia peke yake anakuhakikishia kwa mdomo kwamba wadogo zake hawana neno. Kama kuna deni la benki juu ya nyumba, sehemu ya hela yako iende moja kwa moja kulipa hiyo benki. Na huo upekuzi wa daftari urudiwe siku chache kabla ya malipo makubwa, maana kati ya ule wa kwanza na siku ya kulipa mtu anaweza akaikopea tena.

Nyumba yenyewe ikague na fundi uliyemtafuta mwenyewe. Nenda siku ya mvua, nenda usiku. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone presha, na ukikuta ukuta mmoja umepakwa rangi juzijuzi na mingine ni ya zamani, uliza kuna nini chini yake. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi si kitu, ila ufa unaopanda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha na unapitisha sarafu, huo mwite injinia.

Tukija kwenye mkataba, dipoziti, yaani ile hela ya kushikia nyumba, ikae kwa wakili, isikae mfukoni mwa muuzaji, na iandikwe wazi kwamba inarudi yote kama mkopo umekataliwa, hati ina tatizo au ukaguzi umeonyesha ubovu mkubwa. Muuzaji akikataa hayo yote matatu mie naondoka, hata kama jua la asubuhi linapiga vipi. Vitu vinavyobaki viandikwe kimojakimoja, hita ya maji, tangi, makabati, usije ukashangaa umekabidhiwa nyumba na nyaya zinaning'inia. Alafu kuna wizi mmoja unauma sana, siku ya malipo inakuja emeli inafanana kabisa na ya wakili, "akaunti yetu imebadilika". Usitume! Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, sio iliyoandikwa kwenye hiyo emeli.

Siku ya makabidhiano tembea tena chumba kwa chumba kabla ya kusaini, piga picha mita za maji na umeme, na badilisha vitasa siku hiyohiyo kwa sababu hujui nani mwingine ana ufunguo. Na hata baada ya kuhamia endelea kumsumbua wakili mpaka uone jina lako limeingia kwenye daftari la msajili, kama nyumba ni ya mkopo hati halisi itakaa benki, chukua nakala yako uihifadhi.