Mashine ya kunyonya vumbi kwa karakana ya nyumbani: pipa kwanza, hosipawa baadaye

Jirani yangu huku Umoja, Nairobi, anatengeneza kabati za jikoni kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba, kazi yake kubwa ni MDF (zile bodi za unga wa mbao ulioshikwa na gundi) na saiprasi, na ukuta mmoja tu ndio unamtenganisha na mahali mtoto analala. Juzi akaniita, "Mzee, njoo uniangalilie hii kitu, nimenunua mashine ya vumbi na bado tunakohoa." Nikakaa naye wikendi nzima, na nikaona makosa ni yaleyale niliyofanya mimi nikianza, kwa hivyo naandika hapa yote mara moja.

Kabla hujafungua pochi, elewa hii kitu. Maranda unayofagia hayana shida kubwa. Shida ni ule unga mwembamba usioonekana, ule wa chini ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unabaki hewani masaa baada ya kuzima msumeno na ndio unaofika ndani kabisa ya mapafu. IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka wa 1995 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani, hasa ya pua. Na kama umewahi kupasua mvule bila maski unajua vile pua na ngozi zinawasha siku hiyo.

Hatua ya 1: Chagua aina

Kuna vakyumu na kuna ile ya mfuko. Vakyumu inavuta kwa nguvu sana lakini hewa kidogo, hiyo ni ya msasa wa umeme, ruta ya kuchonga mbao na jigso. Ile ya mfuko ina feni kubwa na mdomo wa inchi 4, haivuti kwa nguvu lakini inabeba hewa nyingi, na hiyo ndiyo unataka kwa msumeno wa meza na mashine ya randa. Ukiunganisha hosi nyembamba ya vakyumu kwenye ile ya mfuko umeinyima hewa, haitafanya kitu. Jirani ndivyo alikuwa amefanya.

Mimi nachukua ya mfuko, hosipawa 2 (hosipawa ni kipimo cha nguvu ya mota), mota ya kawaida isiyo na brashi, basi. Usibabaishwe na karatasi iliyobandikwa kwa vakyumu imeandikwa hosipawa 6, hosipawa moja ni wati 746 hivi, sita ni karibu wati 4,500, na plagi ya ampea 13 kwa stima yetu ya volti 240 inatoa kama wati 3,100 tu. Hiyo sita itatoka wapi?

Mtumba wa kutoka Marekani siupendi. Ni wa volti 120 hivi, na hata ukiweka transfoma ile mota ilitengenezwa kwa hezi 60 na hapa tuko na 50, kwa hivyo feni itazunguka karibu asilimia 83 ya mwendo wake, na hewa inapungua vilevile.

Hatua ya 2: Stima

Msumeno na mashine ya vumbi zisitoke kwa ekstensheni moja. Kila moja soketi yake, na waya ya ekstensheni uikunjue yote, ikibaki imezungushwa inapata moto. Washa ya vumbi kwanza, ikishika mwendo ndio uwashe msumeno.

Hatua ya 3: Pipa la kutenganisha

Hii ndiyo modifikesheni ya maana kuliko zote. Kati ya msumeno na mashine unaweka pipa, maranda yanaanguka humo, na ni unga kidogo tu unaofika kwa mfuko. Mfuko usipojaa, vitundu vyake havizibi, na mashine inavuta leo vile ilivuta siku ya kwanza.

Tumia pipa la buluu la plastiki, lile lenye mfuniko unaotoka wote na ringi ya chuma, lita 120 inatosha. Nusa kwanza, kama lilibeba kemikali achana nalo. Mimi natumia mtindo wa Thien, jina la aliyeubuni: chini ya mfuniko unaning'iniza sahani ya plaiwudi, na pembeni yake unakata mwanya wa kama milimita 28 unaozunguka digrii 240. Ile theluthi isiyokatwa inakaa chini ya paipu ya kuingiza. Paipu ya kuingiza ipite ubavuni ikilamba ukuta ili hewa izunguke, ile ya kutoa ishuke katikati kutoka juu na iishie kabla ya kugusa sahani, acha nafasi kama nusu ya upana wa paipu. Kukata plaiwudi unajua.

Kama una vakyumu tu, ndoo ya rangi ya lita 20 inafanya kazi, lakini tumia ndoo mbili, moja ndani ya nyingine, kwa sababu vakyumu inaweza kukunja ndoo moja kama karatasi hosi ikiziba.

Hatua ya 4: Kuziba hewa

Hapa ndipo nilipoteza wikendi mbili nzima, kwa hivyo soma polepole.

Pipa langu la kwanza lilikataa. Maranda yalikuwa yanaingia na kupita moja kwa moja hadi kwa mfuko, pipa linabaki na vijiko viwili vya unga. Nikadhani nimekosea mwanya, nikakata sahani nyingine, nikakata ya tatu, nikabadilisha urefu wa paipu, nikaongeza silikoni kwa mfuniko, hakuna. Sikujua kwamba pipa la hivi linataka kufungwa kabisa kama chupa, na kwamba tundu likiwa chini ni baya kuliko likiwa juu, kwa sababu hewa inayoingia kutoka chini inapanda na kuyainua tena yale maranda yaliyokuwa yametulia, yanarudi juu na kuondoka.

Kilichonisaidia ni udi. Fanya hivi pipa likiwa safi na tupu kabisa, hakuna unga hata kidogo, na vumbi lote la karibu limefagiliwa. Washa mashine, ziba mdomo wa kuingiza kwa kiganja au kipande cha mbao ili uvutaji wote uende kwa pipa, halafu pitisha kijiti cha udi polepole kwa kila kiungo, mfuniko, ringi, paipu, ubavu, hadi chini. Moshi utakuwa unapanda wima, halafu ghafla unapinda na kuingia ndani kama uzi kwenye tundu la sindano. Hapo ndipo pana tundu, weka alama na kalamu, endelea.

Kwangu moshi uliingia karibu na kitako. Lile pipa mtu alikuwa amelitumia kuwekea maji, akaliwekea bomba chini, alipolitoa akaziba na kijiti kilichofungwa karatasi ya nailoni, na kwa vile kilikuwa kimekatwa sawa na ukuta na kupakwa matope sikukiona. Mapipa mengi ya mtumba ya Nairobi yamepitia hiyo kazi ya maji, kwa hivyo kabla hujalipa lipindue, weka kichwa ndani, angalia kama kuna mwanga unaingia, na pitisha kidole pale bomba hukaa. Mimi niliziba kwa bolti, washa mbili (zile pete bapa za chuma) na vipande viwili vya mpira wa tyubu, ndani na nje. Silikoni peke yake kwenye hiyo plastiki inabanduka.

Kwa mfuniko bandika ile sponji ya milangoni mduara mzima, ncha zikutane bila pengo, kisha ringi. Rudia udi. Usiseme inatosha mpaka moshi upande wima kila mahali. Siku hiyo niliranda saiprasi mchana wote, na jioni kwenye mfuko wa mashine kulikuwa na kama ngumi moja ya unga.

Na usingoje pipa lijae hadi kwa sahani, maranda yote yatapita. Gonga ubavuni kwa kidole, mlio unabadilika pale maranda yamefika, yakifika theluthi mbili mwaga. Ya saiprasi watu wa kuku watayachukua, ya MDF yana gundi, hayo usimpe mtu wa kuku.

Hatua ya 5: Paipu

Paipu ya PVC ya maji taka ya inchi 4, ile ya kijivu. Mara nyingi haikai sawa na mdomo wa mashine, tofauti ya milimita chache, funga kwa utepe wa tyubu ule watu wa boda hufungia mizigo, halafu klipu. Kona tumia mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90. Hosi ya mikunjo iwe fupi kabisa, mikunjo inakula hewa.

Hatua ya 6: Hewa inayotoka

Mifuko mingi ya kitambaa inayokuja na mashine za bei nafuu ni ya mikroni 30, yaani inashika maranda na kukurudishia ule unga mbaya usoni. Nunua filta ya mikroni 1, au bora zaidi toa mashine yote nje, chini ya kibanda cha mabati, na uache dirisha wazi hewa safi iingie. Nchi za baridi wanaogopa kutoa nje hewa waliyoipasha moto, sisi hapa hatuna hiyo shida. Ila usielekeze kwa kamba ya nguo za jirani.

Usinyonye cheche za grainda na mashine hiyohiyo, cheche moja kwenye pipa la unga inaweza kukaa ikifuka hadi usiku ndio iwake.

Kupima

Giza likiingia, pasua mbao mbili tatu, zima kila kitu, zima taa, halafu washa tochi ikimulika kwa ubavu. Kwa jirani, mara ya kwanza mwanga ulikuwa mzito kama ukungu wa Limuru. Jumapili jioni, baada ya udi na mpira, tuliona chembe chache tu. Ukiona bado kumejaa, baki na maski na urudi hatua ya 4.