Jinsi ya kuchambua mudi (hisia anayoipata msomaji) na sauti kwenye Al-Inkishafi

Wengi wakipewa shairi la huzuni wanakimbilia kutafuta maneno kama kifo, kaburi, machozi, wanapiga mstari chini, wanaandika "toni ni ya huzuni" halafu wanafunga daftari. Kwa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hiyo haitoshi kabisa, maana hapa anaulilia mji wa Pate, kule visiwa vya Lamu, ulivyokwisha na kwenye ubeti unaouma sana hakuna chozi hata moja, kuna popo na buibui tu.

We fanya hivi, chukua beti mbili zinazoanza na maneno yaleyale uziandike pamoja:

Nyumba zao mbake zikinawiri
kwa taa za kowa na za sufuri
masiku yakele kama nahari
haiba na jaha iwazingiye

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, kikikukwamisha: kowa ni kioo, sufuri ni shaba, masiku ni nyakati za usiku na nahari ni mchana, tame ni mahame, iyu ni juu, wengeme ni wananing'inia, ukeme ni ukelele, zitanda ni vitanda, matandu ni utando wa buibui. Inatosha, endelea.

Sasa soma kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, na kama unajua kughani ghani, maana tenzi hazikutungwa zisomwe kimyakimya kwenye simu. Hesabu mizani, yaani silabi: kila mshororo una 11, na pumzi inakatika baada ya ya 6. Beti zote mbili! Yaani nyumba zinang'aa au zimekuwa mahame, mwendo ni uleule, hapandishi sauti wala hakatizi kwa kilio, na mimi naona utulivu huo ndo unaumiza kuliko angepiga mayowe.

Kwa hiyo kama mwendo haujabadilika angalia nini kimebadilika. Vina. Ubeti wa kwanza unaishia -ri, -ri, -ri, ulimi unacheza. Wa pili -me, -me, -me, kila mshororo lazima ufunge midomo. Kisha rudi kwenye "husikii hisi", itamke polepole, ni h na s na i karibu tupu, yaani unanong'ona wakati unaambiwa hakuna hata mnong'ono, hapo mimi huwa nasimama kidogo. Halafu mshororo wa mwisho: zitanda, matandu, walitandiye, -tand- mara tatu ndani ya mizani 11, hadi mshororo wenyewe umetandwa.

Ila angalizo, usije ukaandika "sauti m huleta huzuni" kama kanuni. Hapana. Ona -ye inayofunga beti zote mbili, ileile imefunga haiba na jaha na ileile imefunga utando wa buibui. Sauti peke yake haina mudi, inaupata kutokana na maana iliyokaa nayo, kwa hiyo kila ukitaja sauti taja na kinachosemwa hapo hapo.

Ukishazoea jaribu mwenyewe mshororo huu wa mbele kidogo, "bumu hukoroma kati nyumbani". Bumu ni bundi. Sikiliza zile u na o kabla hujafika "kati nyumbani", na jiulize kwa nini anayekoroma humo si mwenye nyumba.

Kwenye kuandika jibu lenyewe usiorodheshe takriri, vina, tanakali kama risiti ya duka. Chagua mbili tu uzichimbe, mfano: "Urudiaji wa -tand- unafanya utando uenee kwenye mshororo kama ulivyoenea vitandani, na msomaji anahisi ukiwa kabla hata hajaambiwa wenyewe wako wapi." Sentensi ya namna hiyo ina dondoo, sauti na athari, mtahiniwa mwenzako aliyejaza ukurasa mzima wa istilahi hana hicho.