Kupita Western Breach siku za joto: pima usiku kabla ya kuamua

Wakuu, kila Januari na Februari naulizwa swali lilelile: "Western Breach inapitika?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Western Breach ni njia ya kupanda Kilimanjaro kupitia ukuta wa magharibi. Ukuta ule, kutoka kambi ya Arrow Glacier (karibu mita 4,900) hadi kwenye kreta (shimo la volkano huko juu), umejaa mawe yaliyolegea. Kinachoyashika ni barafu. Usiku inaganda, mchana inayeyuka, jiwe linaachiwa. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale, yakaua wapandaji 3 kutoka Marekani na kujeruhi wapagazi. Njia ilifungwa, baadaye ikafunguliwa tena.

1. Mgeni azoee kwanza hewa ya juu. Njia ya Lemosho inafaa, msikimbize siku.

2. Helmeti kwa kila mtu, ya kupandia milima, si ya bodaboda. Nikisema kila mtu nawahesabu na wapagazi. Inaniuma kuona mgeni na mwongozaji wamevaa, halafu kijana aliyebeba kilo 20 kapanda na kofia ya sufi.

3. Ondokeni saa kumi alfajiri, mapema zaidi kama kundi ni la taratibu.

4. Pimeni usiku. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu wanaangalia hali ya hewa ya mchana. Mchana wa jua kali si tatizo kama usiku umeganda sawasawa na mmeshatoka ukutani mapema. Hatari kubwa ni usiku wenye joto. Mawingu yakifunika mlima, joto la ardhi halipandi likapotea, na barafu inayoshika mawe hailegei mchana tu, inakesha imelegea. Acheni maji kwenye sahani nje ya hema jioni. Mkiamka yakiwa bado maji, msipande. Mkisikia mawe yakishuka usiku, msipande, hata kama sahani imeganda. Na msisubiri "tuone kukipambazuka": kukipambazuka mmechelewa. Angalieni pia kivuli. Ukuta unatazama magharibi, kwa hiyo nyie mtakuwa bado gizani na baridini wakati kingo za juu zimeshapigwa na jua. Jiwe linatoka huko juu, halitoki mlipo nyinyi.

Uamuzi wa kurudi upangwe Moshi, kabla ya geti. Mwambieni mgeni wazi: usiku ukiwa na joto tunashuka kambi ya Barranco, tunapita kambi ya Karanga, tunapandia kileleni kutoka kambi ya Barafu. Kilele cha Uhuru ni kilekile, mita 5,895. Akiambiwa kule juu, na kalipia kulala kreta, atawabana mpaka mkubali.

5. Ukutani hakuna kupumzika kwenye mifereji ya mawe. Picha mpige juu.

MASWALI

Mwenye Kampuni: Mkuu, kuondoka ni saa ngapi?

Hatua ya tatu.

Kijana wa Sakina: Mimi nimepitisha wageni pale saa tano asubuhi na hakuna jiwe hata moja. Mnatisha watu.

Mlipita salama, namshukuru Mungu. Hilo halinionyeshi kwamba saa tano ni salama. Wewe una wageni wa siku moja, mlima una mawe ya kila siku. Sitabadilisha nilichoandika.

Mgumu wa Machame: Kaka, samahani, mgeni wangu anatoka Uswisi, anasema kwao majira ya baridi joto likija ghafla theluji inashuka na kufunika watu. Ni kitu kimoja na haya mawe?

Swali zuri sana, mdogo wangu. Chanzo ni ndugu, kinachoshuka ni tofauti. Kwao theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Joto au mvua ikiingia, maji yanapenya katikati, tabaka zinaachana, na mteremko wote unaweza kuondoka kwa pamoja. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoongoza. Dalili wanayoiangalia ni mipira ya theluji inayojiviringisha yenyewe kushuka. Wakiiona wanatoka haraka. Nao pia wanauliza kama usiku umeganda, na wanaanza safari gizani. Hata barafu ya kudumu haiaminiki kwenye joto: Julai 2022 kipande cha barafu cha Marmolada, Italia, kilikatika kikaua watu 11. Kwetu theluji nene ya namna ile ni nadra, ndiyo maana nahangaika na mawe. Mwulize mgeni wako zaidi, atakufundisha mengi.

Dada wa Marangu: Na tochi za kichwani? Zangu huzima njiani.

Baridi inamaliza betri, dada. Lala nazo ndani ya begi la kulalia, na za akiba ziwe mfuko wa ndani wa koti.

Mgumu wa Machame: Chupa ya maji nayo iwekeni kichwa chini, barafu inaanzia juu, mdomo hauzibi.

Kweli kabisa. Na mipira ya maji ya kunyonyea puliza hewa irudi ndani kila ukimaliza kunywa, la sivyo inaganda kabla hamjafika nusu ya ukuta.