Somo: Breki za gari la zamani zikilia, zisikilize kabla ya kununua pedi

Aliyewahi kuendesha Kigoma mjini anajua: kutoka Mwanga kushuka stesheni, mguu hautoki kwenye breki. Ukielekea Kasulu na Manyovu, mlima unakupokea na mwingine unakusubiri. Breki za huku zinafanya kazi ngumu, kwa hiyo mlio wake usiuzime kwa kuongeza sauti ya redio.

Somo hili ni la wenye magari ya umri mkubwa, yenye diski mbele (sahani ya chuma inayobanwa na pedi) na dramu nyuma (ngoma ya chuma inayosuguliwa na shuu kwa ndani). Langu ni Corolla ya 1998. Niliwahi kubadilisha pedi mara mbili ndani ya miezi minne, kila nikienda gereji naambiwa "pedi zimeisha, bosi", na mlio ukabaki palepale. Siku nilipofungua mwenyewe nikakuta pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimekauka. Pedi ya nje niliyotupa ilikuwa bado nene. Iliniuma sana, maana pesa ile ilikuwa ya ada ya mtoto.

Hatua ya kwanza: sikiliza

Usiguse spana bado. Tafuta mahali tambarare pasipo na watu, teremsha vioo, endesha polepole, na mtu asimame pembeni akuambie mlio unatoka gurudumu lipi. Kisha jiulize unatoka wakati gani.

Ukisikika asubuhi tu, baada ya mvua, na ukaisha ukishika breki mara tatu nne, hiyo ni kutu nyembamba juu ya diski. Achana nayo.

Ukiwa mwembamba kama filimbi na unasikika hata hujakanyaga breki, mara nyingi ni kile kijibati kilichowekwa kwenye pedi makusudi. Pedi ikibaki milimita 2 au 3 hivi, kijibati kinagusa diski kukuarifu kwamba imefika mwisho.

Ukitoka unapokanyaga tu, hasa gari likikaribia kusimama, pedi inatetemeka juu ya diski. Sababu huwa vumbi, pini kavu, uso wa pedi uliong'aa kwa joto, au lile bati la mgongoni mwa pedi ambalo fundi aliliona halina kazi akalitupa.

Ukisikia chuma kinasaga chuma, simama hapo ulipo. Usishuke nalo mlima hata mmoja.

Hatua ya pili: fungua gari likiwa limepoa

Legeza nati za gurudumu kabla ya kupiga jeki, weka vigingi magurudumu ya nyuma, vuta handbreki. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; weka stendi. Tofali linapasuka ghafla, usiliamini. Na wale mnaofikia ziwani kuosha gari moja kwa moja kutoka safari: diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupata ufa.

Hatua ya tatu: linganisha pedi ya ndani na ya nje

Fungua boliti ya chini ya kalipa (kwa Toyota nyingi ni spana namba 14), kisha inua kalipa kama unavyofunua kawa. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi. Ikishuka chini ya 3, badilisha, na ubadilishe magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja.

Sasa tazama kwa makini, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kalipa inatakiwa iteleze juu ya pini ili ibane pande zote mbili sawasawa. Ukikuta ya ndani imelika na ya nje ni nene, pini zimekwama au pistoni (inayosukuma pedi) hairudi vizuri. Ukifunga pedi mpya juu ya tatizo hilo, utarudi gereji.

Diski nayo ipitishie ukucha. Mifereji mirefu au ukingo uliosimama pembeni maana yake imelika. Unene wa mwisho unaoruhusiwa mara nyingi umegongwa kwenye diski yenyewe. Ukiufikia, hakuna kukereza tena, nunua nyingine.

Hatua ya nne: safisha

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe.

Chomoa pini, zisugue mpaka ziwe safi, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi usiitumie, inavimbisha mpira na pini itakwama upya. Mahali pedi inapokalia piga brashi ya waya mpaka iteleze kwa kusukuma na kidole. Pedi iliyong'aa lakini bado nene isugue kwa msasa uliolowa. Mgongoni paka grisi kidogo ya breki, inayostahimili joto. Usoni pa pedi hata tone lisifike.

Hatua ya tano: rudisha

Fungua kifuniko cha mafuta ya breki, rudisha pistoni polepole huku ukiangalia yasifurike. Yakigusa rangi ya gari yanaibabua. Kalipa usiiache ining'inie kwa mpira wake, ifunge kwa waya. Ukimaliza, pampu pedeli mpaka iwe ngumu KABLA ya kusogeza gari. Baada ya kurudisha pistoni, mkanyago wa kwanza huzama hadi chini. Kwa miteremko yetu, kusahau hili ni kuua mtu.

Pedi mpya zizoeshe: kwenye barabara tulivu punguza mwendo kutoka 50 hadi 10, mara nane au kumi, ukiziacha zipoe kidogo katikati.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nabeba dagaa kutoka Kibirizi. Jamaa kaniambia nipulizie dizeli kidogo kwenye diski, kelele zinaisha. Ni kweli?

Jibu: Zinaisha kwa sababu breki hazishiki tena. Nakuomba sana ndugu yangu, usifanye. Kama umeshapulizia, pedi zimekunywa mafuta, hazisafishiki, zibadilishe.

Swali: Yangu inalia nyuma, kwenye dramu.

Jibu: Weka vigingi mbele, kisha achia handbreki. Dramu ikigoma, Toyota nyingi zina matundu mawili yenye meno. Funga boliti mbili za milimita 8 kwa zamu, itatoka yenyewe. Safisha vumbi, paka grisi kidogo pale shuu inapogusa bati la nyuma. Fungua upande mmoja kwanza, mwingine ubaki kuwa mfano wa kupangia springi. Ukikuta unyevu wa mafuta, silinda inayosukuma shuu inavuja, na hiyo haingoji mwisho wa mwezi.

Swali: Shikamoo kaka. Jana nikishuka kutoka Kasulu nilisikia harufu ya kuungua na pedeli ikawa laini. Leo iko sawa. Niendelee tu?

Jibu: Marahaba dada. Hapana, usiendelee. Mafuta ya breki hunyonya maji. DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) mpya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji hushuka mpaka karibu 140, na yakichemka yanatoa mvuke ndiyo pedeli inalainika. Badilisha mafuta yote, toa upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki. Ukirudi mlimani weka gia ndogo tangu juu. Otomatiki weka 2 au L. Ila kwanza fungua magurudumu ya mbele, kisha uniandikie unene wa pedi ya ndani na ya nje, kila upande.